Mashine ndogo zilizomaliza fitina ya maji katika ploti yetu

Kama unaishi katika nyumba ya kupanga jijini Nairobi, huna haja ya kuelezwa maana ya siku ya maji. Unaijua yako kama unavyoijua siku ya kulipa kodi. Siku hiyo mitungi hupangwa foleni jikoni, ndoo hujazwa, beseni hujazwa, hata sufuria ya ugali hujazwa, na mtoto akitaka kuoga mara ya pili huulizwa kama babake amenunua mto.

Mgao wa maji ulipoanza 2017, wengi wetu tulidhani ni jambo la miezi michache. Miaka imepita na ratiba tumeizoea. Bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika 1994, lina uwezo wa kuhifadhi lita bilioni 70, nalo ndilo tegemeo kubwa la jiji. Lakini jiji limekua kuliko mabomba yake. Kwa sababu hiyo kila ploti imejitengenezea bwawa lake dogo: tangi la chini la kupokea maji siku yanapokuja, pampu ya kuyapandisha, na tangi la juu ya paa la kuyagawa.

Leo sikuandikii kuhusu Ndakaini. Nakuandikia kuhusu tangi la juu ya paa, vidude vitatu vidogo vinavyolichunga, na lugha ya tarakilishi iitwayo JavaScript. Tafadhali usifunue ukurasa mwingine. Mimi ni mwandishi wa habari mwenye diploma, si mhandisi. Kama nimeelewa mimi, basi wewe na mwanao wa sekondari mtaelewa pia, pengine upesi kuliko nilivyoelewa.

Kwanza nikueleze kilichotusukuma. Ploti yetu ina nyumba 16 katika ghorofa nne. Tangi la chini huchukua lita 10,000 na la juu lita 5,000. Kwa hesabu ya mtu mwenye busara, maji hayo yangetosha kutoka siku moja ya mgao hadi nyingine. Lakini mwaka jana yakaanza kutuishia siku moja kabla, kisha siku mbili kabla. Watoto wakawa wanaenda shule bila kuoga. Mwenye mkokoteni akaanza kutuuzia mitungi ya lita 20 kwa bei aliyopenda, kwani mwenye shida hachagui.

Na penye shida, msomaji wangu, hutafutwa mtu wa kubebeshwa. Wetu alipatikana haraka. Katika ghorofa ya kwanza anaishi mama fua mmoja, mjane mwenye watoto watatu. Huwafulia watu nguo kwa malipo, na nyingine huzileta nyumbani. Kamba zake hazikauki. Basi ikasemwa kwamba yeye ndiye anayemaliza maji. Ikasemwa ngazini, ikasemwa kwa mama mboga, ikasemwa langoni. Hatimaye ikaandikwa barua kwa mwenye ploti, ikimtaka amwondoe kabla ya mwisho wa mwezi. Barua ilipofika mlangoni kwangu ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi na nyumba tisa.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Ilikuwa na maneno makali, lakini haikuwa na nambari hata moja. Hakuna aliyesema ni lita ngapi zinapotea, wala saa ngapi. Chuoni tulifundishwa kwamba tuhuma isiyopimwa ni uvumi, hata ikipigwa chapa. Nikamwendea mzee anayesimamia ploti, nikamwomba barua ile ikae kwake wiki mbili. Akaniuliza, "Na baada ya wiki mbili utakuwa na nini mkononi, bwana mwandishi?" Nikamjibu kwamba nitakuwa na hesabu.

Sauti inayorudi

Mpwa wangu anasoma katika chuo cha ufundi na wakati huo alikuwa akiishi kwangu. Nilipomweleza, hakushangaa. "Mjomba, hiyo ni kazi ya vihisi," alisema.

Kihisi, msomaji, ni kifaa kinachohisi jambo moja na kuligeuza kuwa nambari. Kimoja huhisi joto, kingine mwangaza, kingine unyevu wa udongo. Chetu kilikuwa cha kupima umbali kwa sauti. Kinafungwa chini ya kifuniko cha tangi kikitazama maji. Kinatoa mlio mwembamba wa takriban hezi 40,000, ambao sikio la binadamu haliusikii, kisha kinasubiri mwangwi. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya milisekunde 6, basi sauti imesafiri mita 2 na kidogo kwenda na kurudi, na uso wa maji uko kama mita 1 kutoka kifuniko. Popo hufanya hesabu hiyo hiyo gizani kila usiku bila kwenda chuoni.

Tangi letu lina kina cha sentimita 180. Ukigawa lita 5,000 kwa 180, kila sentimita ni lita 28 hivi. Kuanzia hapo, kila sentimita inayoshuka ina maana: ni mtungi mmoja na nusu karibu.

Kihisi peke yake ni bubu. Kinahitaji ubongo. Ubongo huo tuliununua katika maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue: kibao kidogo kuliko kiberiti chenye chipu ya ESP8266, iliyotengenezwa na kampuni ya Espressif ya Shanghai na kuanza kuenea duniani 2014. Kina redio ya waifai ndani yake. Kibao, kihisi kisichoingiwa na maji, na nyaya zake vilinigharimu chini ya Sh1,500. Kwa stima tulitumia chaja ya simu iliyochomekwa penye taa ya ngazi.

Tuliunda vitatu vya namna hiyo. Cha kwanza kikakaa tangi la juu. Cha pili kikakaa tangi la chini. Cha tatu kikawekwa kwenye waya wa pampu, na chenyewe hakipimi maji bali huhisi kama stima inapita, ili tujue pampu imewaka saa ngapi na kuzimwa saa ngapi.

Lugha ya mhudumu wa hoteli

Sasa tufike kwenye JavaScript. Lugha hii ilizaliwa 1995 katika kampuni ya Netscape, Marekani. Brendan Eich aliunda toleo lake la kwanza kwa siku 10 tu, na kazi yake ilikuwa kuzitia uhai kurasa za intaneti: ukibonyeza hapa, pale pabadilike. Kwa miaka mingi ilionekana ni lugha ya mapambo, ya kuchezea dirishani.

Mnamo 2009 Ryan Dahl aliitoa nje ya kurasa hizo kwa kuunda Node.js, na tangu hapo JavaScript ikaweza kuendesha tarakilishi kama lugha nyingine kubwa. Kisha 2012 Mwingereza Gordon Williams akaleta Espruino, programu inayowezesha vibao vidogo kabisa kuelewa JavaScript moja kwa moja. Espruino iliundwa iweze kutosha kwenye kifaa chenye kilobaiti 8 tu za kumbukumbu. Picha moja ya simu yako haiwezi hata kuingiza ukucha katika nafasi hiyo.

Lakini kwa nini lugha ya kurasa ifae kazi ya tangi? Nilimuuliza mpwa wangu, akanijibu kwa mfano ambao nimeuiba bila haya.

Ingia hoteli yoyote ya mtaani saa saba mchana. Mhudumu mmoja ana meza kumi. Ukiagiza chapati kwa maharagwe, hasimami jikoni akingoja chapati iive huku wateja wengine wakipiga meza. Anapaza sauti, "Chapati mbili, madondo!" kisha anageukia meza nyingine. Chapati ikiwa tayari, mpishi anagonga sahani, naye anakuja kuichukua. Mhudumu ni mmoja, meza ni kumi, na hakuna anayelala njaa.

JavaScript hufanya kazi hivyo. Humwambii kifaa "simama ungoje". Unamwambia, "Likitokea jambo hili, fanya lile." Mwangwi ukirudi, hesabu. Dakika tano zikiisha, tangaza. Pampu ikizimwa, andika saa. Na kazi ya vihisi, ukiitazama vizuri, ni kungoja tu: sehemu kubwa ya siku hakuna kitu kinachotokea. Lugha iliyozoea kungoja mtu abonyeze ukurasa haikupata taabu kungoja maji yashuke.

Kuna faida nyingine ambayo mwenye familia ataithamini. Kijana akijifunza lugha moja hii, anaitumia kwenye kibao cha tangini, anaitumia kwenye tarakilishi inayopokea habari, na anaitumia tena kwenye ukurasa unaoonekana simuni. Ni kama kujua Kiswahili ukasafiri kutoka Lamu hadi Bujumbura: lafudhi inabadilika, lakini hulali nje.

Salamu na wasia

Vifaa vitatu vinahitaji namna ya kusemezana. Hapa ndipo neno "nyepesi" linapopata uzito wake. Utaratibu tulioutumia unaitwa MQTT. Uliundwa 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Mmarekani Arlen Nipper, kwa ajili ya kuchunga mabomba ya mafuta yaliyopita mahali pa mbali. Habari zilipitia setilaiti, na setilaiti ilikuwa ghali, kwa hivyo kila herufi iliyopunguzwa ilikuwa akiba. Ama kweli, kilichoundwa kwa shida ya tajiri wa mafuta kimekuja kumfaa mpangaji asiye na maji.

Wewe uliyekulia na redio utauelewa utaratibu huu upesi. Unakumbuka kadi za salamu? Msikilizaji aliandika kadi yake, akaipeleka kituoni, mtangazaji akaisoma, na aliyekuwa amefungulia kipindi hicho akasikia. Mtuma salamu hakuhitaji kujua wasikilizaji wako wapi, wala msikilizaji hakuhitaji kumtembelea mtumaji. MQTT ni hivyo hivyo. Katikati kuna karani mmoja. Kila kifaa humletea karani ujumbe wenye jina la kipindi, na yeyote aliyejiandikisha kwa kipindi hicho huletewa.

Karani wetu alikuwa tarakilishi kuukuu ya mapajani ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka, ikikaa juu ya kabati langu. Kipindi cha tangi la paa tulikiita "maji/juu". Ujumbe wenyewe ni nambari tu, kwa mfano 143, yaani sentimita za maji zilizobaki. Hebu tuhesabu. Jina la kipindi ni herufi 8. Nambari ni tarakimu 3. Utaratibu wenyewe huongeza baiti 4. Jumla ni baiti 15. Kila dakika tano, mchana na usiku, ni jumbe 288, yaani baiti 4,320 kwa siku, bila kuhesabu bahasha za mtandao zinazozibeba. Barua ile ya kumfukuza mama fua haikuwa mbali na urefu huo, wala haikuwa imesema hata robo ya yale ambayo tangi lilisema kwa siku moja.

Kitu kilichonipendeza kuliko vyote ni wasia. Naam, wasia. Kifaa kinapojiunga, humwachia karani maneno ya mwisho: "Nikinyamaza ghafla bila kuaga, watangazie hivi." Karani hukitazamia kifaa kitoe dalili ya uhai kila baada ya muda waliokubaliana. Muda huo ukipita mara moja na nusu bila neno, karani huusoma wasia kwa wote. Wiki ya kwanza tu, fundi wa antena alipanda paa akakanyaga waya wetu ukachomoka. Haikupita dakika mbili, ukurasa ukaonyesha: tangi la juu limenyamaza.

Usidharau jambo hilo. Bila wasia, nambari ya mwisho ingebaki imebandikwa pale, na sisi tungeisoma tukidhani maji yametulia. Kimya cha maiti na kimya cha aliyelala vinafanana kwa anayetazama kutoka mlangoni.

Maji yasiyolala

Siku tatu za kwanza nambari zilirukaruka. Mawimbi ya maji yanayoingia, tone lililoning'inia chini ya kihisi, na kuta za tangi zilirudisha mwangwi wa uongo. Mpwa wangu akakifundisha kifaa kipime mara tano mfululizo, kizipange nambari kutoka ndogo hadi kubwa, kisha kichukue ile ya katikati. Mmoja akisema uongo kati ya watano, hapati nafasi. Nilitamani mikutano yetu ya ploti iendeshwe hivyo.

Kisha mchoro ukaanza kusomeka. Alfajiri, kuanzia saa kumi na moja, mstari ulishuka kama ngazi: mtu anaoga, unashuka, unatulia, mwingine anajaza ndoo, unashuka tena. Mchana ulishuka kidogo kidogo. Jioni tena ngazi. Siku ambazo mama fua alifua nyumbani, ngazi yake ilionekana wazi, na haikuwa ndefu kuliko ya watu wanaoosha gari kwa ndoo.

Usiku wa nne, mpwa wangu akaniamsha. "Mjomba, njoo uone. Maji haya hayalali."

Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, ploti nzima ikikoroma, mstari ulikuwa ukishuka. Haukushuka kwa ngazi. Ulishuka kama uzi ulionyooshwa. Sentimita 9 kwa saa tano, yaani lita 250 hivi. Usiku uliofuata, sentimita 9. Uliofuata tena, 9.

Ukizingatia hilo kwa makini, msomaji, utaona jibu limo katika umbo la mstari. Binadamu huchota kwa vipindi; anafungua mfereji, anaufunga. Hakuna mama fua duniani anayeweza kuchota lita 50 kila saa, sawasawa, usiku kucha, siku zote. Kinachofanya hivyo hakina mikono wala usingizi. Ni uvujaji. Na lita 50 kwa saa ni lita 1,200 kwa siku, mitungi 60, karibu robo ya tangi zima la juu.

Jumamosi usiku tukapanda na yule mzee tukiwa na tochi. Kila ghorofa ina koki yake ya kufungia maji. Tulifunga ya ghorofa ya kwanza, tukangoja saa moja: mstari ukaendelea kushuka. Tukaifungua, tukafunga ya pili: bado. Tulipofunga ya tatu, mstari ukalala chali kama mtu aliyeshiba. Mzee akakitazama kioo kilichopasuka muda mrefu. Akasema, "Kumbe ni huku."

Ghorofa ya tatu kulikuwa na nyumba iliyokaa tupu miezi mitatu, imefungwa kufuli. Ndani yake boya la tangi la choo lilikuwa limeharibika, na maji yalikuwa yakipita kimya kimya kuingia bakulini na kwenda zake, bila kulowesha sakafu, bila mlio wa kumshtua jirani. Fundi alilibadilisha Jumatatu kwa kipande cha plastiki ambacho bei yake haikufika ya pakiti tatu za unga. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tulikuwa tukipekua nguo za mwenzetu.

Barua ile haikupelekwa. Mzee aliirudisha kwa aliyeiandika bila kusema neno. Hakuna aliyeitisha mkutano wa kuomba radhi, maana mitaani kwetu radhi huombwa kwa njia za mzunguko: mmoja alimpelekea mama fua nguo za kufua, mwingine akamshikia mtoto siku ya kliniki. Yeye mwenyewe alikuja mlangoni kwangu jioni moja akaniuliza, "Baba, hicho kidude kiliniona?" Nikamwambia hapana, mama, kiliona maji tu. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi ni afadhali kuliko watu."

Nani asome?

Ningeishia hapo hadithi ingekuwa tamu, lakini isingekuwa kamili. Habari za mafanikio yetu zilimfikia mwenye ploti, naye akapendekeza tuweke kipimio kwenye bomba la kila nyumba, na nambari zote ziende kwenye simu yake. Kwa upande wa ufundi hilo lawezekana. Kuna vihisi vya mtiririko wa maji vinavyouzwa kwa bei nafuu, vyenye kigurudumu kinachozunguka na kuhesabu.

Tuliketi wapangaji tukalijadili. Mwalimu wa ghorofa ya nne ndiye aliyefungua macho yetu. Aliuliza: ukijua maji ya nyumba moja kila dakika tano, hujui maji tu. Unajua wanaamka saa ngapi. Unajua wamesafiri. Unajua kuna wageni. Unajua mwenye nyumba yake alirudi saa nane usiku akaoga. Je, mwenye ploti anahitaji kuyajua hayo ili tangi lijae?

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nchini Kenya inataka habari za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana, na zisizidi kiasi kinachohitajika kwa sababu hiyo. Sisi tuliafikiana hivi: vihisi vitabaki kwenye matangi na pampu, si milangoni mwa watu. Nambari zitaonekana na wote kwa usawa. Mwenye simu atazisoma kwenye ukurasa kupitia waifai ya ploti, na asiye na simu ya namna hiyo atazikuta langoni, ambako mzee huziandika kwa chaki kila asubuhi na jioni. Anayetaka kipimio cha nyumba yake ataweka kwa hiari na kusoma mwenyewe.

Tuliamua pia mtandao wetu usitoke nje ya ploti. Karani hapokei wageni kutoka intaneti, kila kifaa kina neno lake la siri, na yale maneno ya siri yanayokuja kutoka kiwandani tuliyafuta siku ya kwanza. Huo si woga wa bure. Mnamo 2016 programu haramu iitwayo Mirai ilizunguka duniani ikijaribu majina na maneno ya siri 60 hivi ya kiwandani, na ikateka kamera na vifaa vingine vidogo kwa maelfu kwa maelfu. Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo likaishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix. Kifaa chako kidogo kikikosa mlango, wengine watakitumia kuvunja milango ya watu.

Sasa wewe, mzazi unayesoma haya baada ya chakula cha mchana, huenda una kijana hapo nyumbani anayeshinda na simu ukadhani anapoteza muda. Mpe tatizo la nyumbani. Labda ni tangi, labda ni kibanda cha kuku ambacho taa yake huzimika usiku vifaranga wakafa kwa baridi, labda ni shamba dogo la sukuma wiki la nyanya yake linalomwagiliwa kwa kukisia. Aanze na kihisi kimoja na kibao kimoja. Akifaulu kupata nambari moja ya kweli kila dakika tano kwa wiki nzima, atakuwa amejifunza fizikia, hesabu, na subira, na mambo mengine yatafuata.

Na wewe mwanafunzi, usidanganywe kwamba mtandao wa mashine ni lazima uwe na tarakilishi kubwa ng'ambo na malipo ya kila mwezi. Vifaa vitatu na karani mmoja vyatosha ploti nzima. Lakini kabla hujakaza waya wa kwanza, jiulize maswali mawili. Napima nini? Na nani atakayeisoma nambari hii? La kwanza utalijibu kwa JavaScript. La pili utalijibu kwa kuketi na majirani zako, na hakuna lugha ya tarakilishi itakayokufanyia kazi hiyo.

Kabla ya kutia sahihi barua yoyote kuhusu jirani yako, msomaji wangu, panda kwanza juu ya paa ukafunue tangi.